Waya wa Madema

L'Esterre, Carriacou
Jumanne, 13 Januari

Kester mdogo wangu,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho uliuona kwenye hesabu zako za darasa la sita, nilipokuwa nakufanyia kazi za nyumbani usichapwe. Afya ninayo, shukrani ninazo, mtandao sina.

Tangu mkongo wa mtandao ukatike huko baharini, mara tu baada ya Mwaka Mpya, kisiwa kizima tumerudi enzi za bibi. Benki imefunga mlango. Dukani mashine za kadi wamezifunika taulo kama maiti. Zahanati inapeleka picha za mapafu Grenada kwa boti la asubuhi na jibu linarudi kesho yake, kama mgonjwa bado anasubiri. Simu haipigi hata kwa jirani. Nami kwa mazoea bado nakuandikia jumbe humohumo kwenye simu: nabonyeza, kinatokea kile kialama cha saa, kinakaa. Siku mtandao ukirudi zitakushukia zote kwa pamoja, utajuta kuwa na dada.

Meli yenu ya kuunga mikongo tuliiona Jumapili tukitoka kanisani. Padri alikuwa bado mlangoni anapeana mikono, watu wakamwacha na mkono wake hewani wakakimbilia ufukweni. "Huyo ni Kester wa Dunstan! Huyo ndiye atakayetuunga!" Shangazi Ellen akalia, unamjua. Baba alisimama nyuma ya watu. Hakupunga mkono, akarudi zake ndani.

Barua hii naipitisha kwa Mjomba Phillo, maana nasikia ndiye anawaletea mboga. Nimeigundisha kwa gundi ya shule. Redioni siwezi kusema neno. Shangazi Ellen husikiliza redio ya bahari kwa makini kuliko anavyosikiliza sala.

Kuhusu Baba. Marehemu Mama alimjia ndotoni kabla ya Krismasi. Alikuwa amekaa kizingitini na sahani tupu, akamwambia ana njaa, anataka samaki. Kwa hiyo tunamfanyia saraka, karamu yake ya marehemu, Jumamosi ya tarehe 24. Unajua kimbunga cha mwaka juzi hakikutuachia dema la kuvulia hata moja, basi Baba amesuka mapya, mazuri kweli. Ajabu ni kwamba hayatii majini. Ameyafunika turubai nyuma ya nyumba, na chakula anakitazama tu.

Jana aliniuliza, nami nakuuliza kwa niaba yake: mkongo ukishakatika, nyinyi mafundi mnaweza kujua umekatwa na kitu gani?

Dada yako,
Verlyn


Melini
Alhamisi, 15 Januari

Dada Verlyn,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka mpishi akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia ni dada yangu. Akasema pole.

Naiona nyumba, Verlyn. Kwa darubini ya nahodha naona paa jipya, naona shuka za njano kwenye kamba. Jana nilimwona mtu mwenye kofia akipita uani, nikapiga kelele kama mjinga, "Baba!" Mabaharia wakacheka. Sijakanyaga hapo tangu tumzike Mama, na sasa niko mbele ya mlango na siwezi kushuka. Meli ina kibali cha kufanya kazi, haina kibali cha watu kuteremka. Mmoja wetu akikanyaga nchi kavu, karatasi zote zinaanza upya. Na hicho cha kufanya kazi chenyewe kimekwama mahali, eti kwa sababu ya matumbawe. Basi tunakaa. Tunakula, tunalala, tunaitazama nchi kama kuku wa tengani anavyotazama mahindi. Simu ya setilaiti ipo, ila kila kinachopita ofisi inakisoma.

Mwambie Baba swali lake ni la kifundi na amelileta kwa fundi. Ndiyo, tunajua. Nanga ikivuta mkongo, nyaya za chuma za nje hutoka zimechanika na kupindapinda kama muwa uliotafunwa. Msumeno hukata laini, bapa, kama soseji. Hata mtoto akioneshwa ataona. Ndiyo maana ncha ya kwanza tunayoivuta tunaikata, tunaifunga kwenye mfuko wenye jina, tunampa mkaguzi. Wa safari hii ni Bi Hendrika wa Curaçao, mama mpole ambaye hasahau kitu. Anayeipokea ncha kwanza ni mimi.

Sasa nikuambie siri ambayo kesho haitakuwa siri. Tumepima kwa mwanga kutoka Grenada na kutoka upande wenu. Vipimo havikutani. Maana yake mkongo haukukatika pamoja, umekatika pawili, na kipande cha katikati hakipo. Huyo si nanga, dada, huyo ni mwizi. Amebeba! Bi Hendrika ameshawaarifu polisi wa Hillsborough. Bahati ya huyo mtu ni kwamba mikongo ya kati ya visiwa vyetu haina umeme, vinginevyo angekaangwa papo hapo, na mimi nisingelia. Wagonjwa wanasubiri boti kwa ajili ya tamaa ya mtu mmoja! Za mwizi arobaini. Nikimpata nitamfunga kwa mkongo huohuo.

Mwambie Baba ale. Niwekeeni samaki wa saraka, hata mkia.

Kester


L'Esterre
Jumatatu, 19 Januari

Kester,

Isome peke yako. Ukiwa na watu, iweke mfukoni kwanza.

Wamemkamata Garvin Lendore Ijumaa, mchana, mbele ya wanawe. Unajua tangu kimbunga anakusanya mabati na vyuma chakavu. Wamekuta nyaya kwenye uwanja wake, nyaya za uzio tu, lakini polisi wametafuta mtu mwenye nyaya na wamempata. Wanasema wiki ijayo watampeleka Grenada. Mimi na mkewe Rhona tunafundisha shule moja, ukuta kwa ukuta. Leo amefundisha mashairi ya watoto huku machozi yanamtoka, na watoto wanaitikia.

Garvin hakukata chochote. Najua kwa sababu Jumamosi niliteremka ndani ya birika letu. Lilipasuka wakati wa kimbunga, halishiki tena maji ya mvua, nikasema nilifagie tuhifadhi humo ndizi za saraka. Nikakuta kitu cheusi kimeviringishwa, unene wa mpini wa jembe, kimefunikwa magunia. Upande mmoja kimemenywa. Nyaya zake za nje zinang'aa. Nikapanda juu nikafunua turubai. Madema yote, Kester, yamesukwa kwa waya huohuo.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai ya kakao mkononi.

Nikamwambia, "Baba, hiki ni nini?"

Akasema, "Ni ujinga wangu. Toka hapo ukingoni mwa birika, utaanguka."

Wewe unajua kama ninavyojua mimi. Babu alisuka madema kwa waya wa telegrafu uliokufa enzi za Mwingereza, na baba yake babu vilevile. L'Esterre nzima imekula samaki wa waya ule. Hakuna dema linalodumu kama lile, hakuna mtu aliyewahi kuitwa mwizi kwa ajili yake. Mzee huenda pale pale alipooneshwa na baba yake, anapanga mti ulio juu ya miamba usawa mmoja na kilima, anateremsha kulabu, anavuta, anakata urefu anaoutaka. Baba alifanya hivyohivyo. Ila kimbunga kimehamisha mchanga. Wa zamani umefukiwa, wenu umefukuliwa. Akaona cheusi, kina magamba, kimelala pale pale baba yake alipokuwa akikiona. Akakata.

"Nilipofika nyumbani nikakimenya," akaniambia. "Nilitafuta shaba ndani. Nikakuta nywele za kioo. Nikawasha simu, hakuna mtu. Nikajua nimekata kazi ya Kester."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kusema siku hiyohiyo. Alitaka Mama ale kwanza. Saraka ipite, kisha aende mwenyewe Hillsborough. Halafu nikamsomea barua yako. Nisamehe, nilimsomea kabla sijajua, nilikuwa nacheka pale pa soseji. Nilisoma mpaka pa kumfunga kwa mkongo huohuo. Toka siku hiyo hasemi mpaka aulizwe. Kester, jela haiogopi. Anakuogopa wewe.

Sijui nifanye nini. Nikisema, nimempeleka baba yangu. Nisiposema, kesho asubuhi nasimama tena ukuta mmoja na Rhona. Niandikie haraka.

Verlyn


Melini
Jumatano, 21 Januari

Verlyn,

Barua yako nimeichana na kuitupa baharini. Na hii ichome.

Kibali kimetoka leo. Ijumaa tunavuta ncha.

Sikiliza. Baba asiende popote. Asiseme kwa polisi, asiseme kwa padri, asiseme kwa Shangazi Ellen. Kilichoko birikani kikae birikani. Tia mawe juu, tia ndizi, tia chochote.

Nimefikiri. Kosa lote limesimama juu ya ncha. Ncha ikionesha msumeno, kuna mwizi, na wanaye Garvin. Ncha ikionesha nanga, hakuna mwizi. Kipande kimeburutwa na boti la watu wa mashua za anasa, kimepotea kilindini, basi. Garvin anarudi kwa Rhona na Baba anabaki kwenye kiti chake. Wote wawili, kwa jambo moja dogo. Na anayeipokea ncha kwanza ni nani?

Usiniambie habari za haki. Mimi ndiye niliyejitapa kwenye ile barua. Mwambie Baba sikujua. Mwambie sikuwa nasema yeye.

Niachie mimi.

K.


L'Esterre
Ijumaa, 23 Januari

Kester, usifanye!

Nianze na hilo kabla ya salamu. Barua yako sikuichoma. Nimempa Baba aisome mwenyewe kwa miwani yake. Aliisoma taratibu, akaikunja, akaniuliza, "Huyu mtoto anataka kuunga mkongo au kunikata mimi?" Akaenda nyuma ya nyumba akaondoa turubai. Ameyafumua madema yote, Kester. Jana kutwa na leo asubuhi ameketi anaunyoosha waya mmoja baada ya mwingine kwa nyundo juu ya jiwe.

Anasema hawezi kumwekea Mama sahani huku mtu mwingine amevaa pingu zake. Anasema Mama atakuja ndotoni na sahani ileile tupu, na safari hii atakuwa amemgeuzia mgongo. Kesho kwenye saraka, watu wakishakusanyika, ngoma zikinyamaza, atasimama aseme. Koplo Alexis amealikwa, kwa hiyo hata mwendo wa kwenda Hillsborough hautakuwepo. Amenuna kidogo, anaogopa, lakini jana amekula. Ugali na bamia, sahani nzima.

Kwa hiyo ile ncha iache kama ilivyo. Iwe soseji, iwe chochote. Usitie mkono wako. Mficha maradhi kifo humfichua, na hapa mgonjwa ameshakwenda mwenyewe kwa daktari.

Baadaye, mchana. Mjomba Phillo anakataa kutoka. Upepo umepanda na ghuba imejaa povu. Nimembembeleza mpaka nikamkosea adabu. Ananiambia, "Binti, kabichi zinaweza kungoja." Nimempa barua, amenirudishia.

Jumamosi, asubuhi. Bado upepo. Jana jioni nilivunja mwiko nikaenda kwa Phillo nikaita meli redioni. Nikasema nataka Kester Bedeau. Kijana aliyejibu akasema Kester yuko chumba cha kuungia, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi, haitwi. Nikasema, "Mwambie dada yake anasema aache." Akauliza, "Aache nini?" Nikasikia pumzi za watu, Kester. Nilisikia sufuria ya Shangazi Ellen. Ningesema nini? Nikasema, "Aache tu." Akacheka, akasema atafikisha. Amekufikishia?

Natuma na ujumbe kwenye simu. Najua haziendi. Natuma tu.

V.


Melini
Jumamosi, 24 Januari

Dada,

Imekwisha. Phillo haji, kwa hiyo sijui utaisoma lini, lakini siwezi kukaa na mikono yangu mitupu.

Ncha ilipanda jana mchana. Mimi nilikuwa mbele, nimevaa glavu, wengine wanashika kamba. Nikaiona kabla haijamaliza kutoka majini: bapa kabisa. Baba ana mkono mzuri, hajakata ovyo. Hata kwenye wizi wake ana mstari ulionyooka. Samahani, si wizi.

Nikaibeba ndani. Taratibu inasema nikate kipande cha kwanza nikifungie. Nilikata. Kisha kile kipande cha mbele, chenye mkato wa Baba, kikapita dirishani kikaenda zake. Kilichobaki nilikibana kwenye jiriwa nikakivuta kwa winchi mpaka nyaya zikachanika. Muwa uliotafunwa, safi kabisa. Na ncha ya pili hivyohivyo. Nikafunga mifuko, nikaandika jina. Bi Hendrika aliitazama kwa miwani yake akasema, "Nanga, basi." Nikasema ndiyo. Akasaini. Akaniuliza kama nimefurahi kwamba watu wa kwetu si wezi. Nikasema nimefurahi.

Mwambie Rhona mumewe anarudi. Ofisi yetu itawaandikia polisi Jumatatu.

Kijana wa redio amenipa salamu zako. "Dada yako anasema uache." Anadhani ni sigara. Nami sikujua unataka niache nini, nikasema utakuwa umeingiwa na hofu, wewe ni mwoga tangu zamani.

Sasa naunga. Nyuzi za kioo ni nyembamba kuliko unywele, unaweka ncha kwa ncha, mashine inaziyeyusha zinakuwa moja, halafu unapitisha mwanga kuona kama unavuja. Kazi hii nimeifanya miaka yote na sirudii uzi. Leo nimerudia uzi mmoja hadi mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikasema njaa.

Kupitia dirisha dogo hili naona moshi nyumbani, moshi mwingi. Ni saraka. Nasikia ngoma, au nadhani nasikia. Mwekeeni Mama sahani nzuri.

Kester


Melini, njiani kwenda Curaçao
Jumanne, 27 Januari

Verlyn,

Naambatisha barua ya Jumamosi ambayo hukuipata. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Jana asubuhi upepo ulianguka. Tulifunga kiungo cha mwisho, tukapitisha mwanga, Grenada wakasema wanatuona, kisha upande wenu wakasema wanatuona. Watu wakapiga makofi. Bi Hendrika akanipa mkono. Na simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni, maana mnara wa kilimani kwetu ulikuwa umeamka.

Zilikuwa zako. Zikaja kwa mpangilio wake, tangu siku mkongo ulipokatika. Heri ya Mwaka Mpya, Kester. Mkate umeungua. Shangazi Ellen anauliza kama mnakula vizuri. Leo nimekuona, au nimeona mtu mfupi. Watu bado wanapiga makofi, na mimi nacheka pamoja nao huku nasoma. Kisha zikaja za Ijumaa. Baba amekubali kusema. Usiiguse ncha. Kester usiiguse. Kester nijibu. Nijibu basi mdogo wangu.

Nimeziunga mimi mwenyewe hizo nyuzi ili zinifikie. Zingenifikia saa ileile ulipoziandika ningekuwa mtu mwingine.

Sikuwahi hata kuirudisha simu mfukoni. Mtu wa zamu akapiga kelele kwamba kuna mashua inakuja. Ilikuwa ya Baba. Nilimjua kwa lile tanga lenye kiraka cha bluu. Amevaa suti ya kanisani, Verlyn, baharini. Koplo Alexis ameketi mbele anatapika. Na katikati ya mashua kile kitu cheusi kimeviringishwa vizuri, na pembeni yake fungu la waya ulionyooshwa, umefungwa kwa kamba kama mashada ya mchicha.

Akasimama akaweka mikono mdomoni. "Kester! Nimekuletea kipande chako! Kiko kamili, ila pale nilipomenya!"

Alidhani kinahitajika, kumbe pengo tulikuwa tumeliziba kwa mkongo mpya wa akiba. Alidhani nimekaa humu siku zote hizi nimeshindwa kuunga kwa sababu kipande hakipo, kama ubao wa mashua. Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu lake tangu mazishi.

Wakashusha kamba, wakakivuta juu. Bi Hendrika akainama akatazama ncha moja, kisha ncha ya pili. Zote bapa. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Kester, hiki kimekatwa na nini?"

Nikasema msumeno.

"Na zile ncha nilizosaini?"

Baba alikuwa chini palepale, shingo juu, anangoja nimsifu. Nilipiga magoti ukingoni. Nikamwambia, "Asante, Baba. Ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta." Akachomoa barua yako kwenye kofia, akaifunga kwenye kamba ya mboga, ikapanda. Koplo akasema waondoke kabla hajafa. Hatukugusana hata mikono. Nilimtazama mpaka kiraka cha bluu kikapotea nyuma ya miamba.

Bi Hendrika hajanipigia kelele, na ndilo linaloniuma. Amesema tu kwamba jina lake liko kwenye uongo wangu. Nimezuiwa kugusa kazi. Kabati langu la vifaa limefungwa. Nikifika Curaçao nitakaa mabwenini mwa kampuni mpaka wanisikilize, na wameshaniambia nisitegemee meli tena. Hati yangu ya kusafiria wanayo wao.

Najua unanipigia. Naiona simu inawaka. Nitasema nini?

Kester


L'Esterre
Jumatatu, 2 Machi

Kwa mwanangu Kester Bedeau,

Ni mimi baba yako ninayeandika, kwa mkono wangu. Verlyn yuko shule. Akirudi atanisahihishia, kwa hiyo natuma kabla hajarudi.

Garvin yuko nyumbani. Alitoka Jumatatu ileile niliyokuja na mashua. Nilikwenda kwake na kofia mkononi. Alinifungia mlango, ni haki yake. Juzi alimtuma mtoto na kipande cha papai, basi naona mlango umeanza kufunguka.

Hakimu amesema kesi ni mwezi wa tano. Mpaka wakati huo nikae hapa nyumbani na nisitie mguu majini, hata kuosha miguu. Nimemuuliza kama mvua inahesabika, watu wakacheka, yeye hakucheka. Nakaa kizingitini. Bahari naiona yote.

Mama yako alikula. Watu walileta samaki kila mmoja wa kwake, tukajaza sahani, tukaiweka mezani na mshumaa, tukafunga mlango. Sijamwota tena. Nafikiri ameshiba, au amekasirika na wewe na mimi pamoja.

Verlyn ameniambia ulichofanya na zile ncha. Alinificha wiki nzima, kisha akanisomea barua yako yote. Ile siku kwenye mashua nilikuwa najisifu, Kester. Nilisema moyoni, leo nimemsaidia kijana wangu. Nilikuletea kile kitu mbele ya wakubwa zako kama mtu anayeleta keki. Wewe ukaniambia asante. Ulikuwa umeshaangamia, ukapiga magoti ukaniambia asante.

Mimi nilikata kwa kutojua. Wewe ulikata ukijua, na ulikata kwa ajili yangu. Hilo sijui nilibebeje. Nimejaribu kulikasirikia, nimeshindwa. Nimejaribu kulifurahia, nimeshindwa pia. Ungeniuliza tu. Lakini ungeniuliza kwa njia gani, nami nilikuwa nimeikata njia yenyewe.

Lile ulilosema, la kunifunga kwa mkongo, nimeshalisahau. Ningekuwa wewe ningesema zaidi.

Sasa kisiwa kizima kinaongea. Shangazi Ellen anaongea na binti yake wa Brooklyn toka asubuhi, namsikia hapa. Daktari anaongea na Grenada. Watoto wanatembea barabarani wameinamia simu. Nyumba yetu peke yake ndiyo kimya. Verlyn anakupigia kila jioni na hupokei, kisha anaosha vyombo kwa kelele nyingi.

Mimi sijui kuongea kwenye kitu hiki, unajua. Nitapiga kelele, nitashika vibaya, nitakuonesha sikio badala ya uso. Lakini amenionesha pa kubonyeza ikiita. Mkongo ni mzima, umeuunga mwenyewe, na kila mtu anasema ni kazi safi.

Usipotaka kupokea, basi piga wewe. Ninayo hapa mkononi.

Baba yako,
Dunstan Bedeau